Uso Aliouacha Zuwena

Nyumba ya Zuwena unaipata kwa pua kabla ya macho. Iko barabara ya kumi na nne, Ngamiani. Juu ya bati la banda la kuku ameanika maganda ya machungwa ya Muheza kwenye ungo, na kuku wanaolala chini ya harufu ile ndio kuku pekee Tanga nzima wanaonukia vizuri. Ndani kuna kinu, mchi, kawa, na makopo ya liwa, karafuu, manjano na mawaridi makavu. Zuwena ni msingaji. Binti akikaribia kuolewa hufungiwa ndani, naye Zuwena huja na bakuli la singo, mchanganyiko wa vitu hivyo vilivyotwangwa, akamsugua kuanzia paji la uso hadi nyayo, mpaka taka zinadondoka kama makombo ya ufutio. Siku ya kuonyeshwa, bi harusi anang'aa na kunukia, na wanawake wa upande wa bwana huulizana kwa sauti ya chini, "Nani kamsinga?" Jibu la swali hilo ndilo jina la msingaji. Hana cheti wala kibao mlangoni.

Ni wifi yangu. Au alikuwa, kabla kaka yake hajaniacha. Siku talaka ilipofika nilikwenda kumuaga. Zuwena alinitazama kama mtu aliyeombwa chumvi na jirani mwenye duka.

"Talaka kaandika kaka yangu," akasema. "Mimi sijaandika kitu. Kaa utwange."

Nikakaa, nikatwanga. Tangu hapo, mwalimu mzima wa kemia wa sekondari, ninamalizia jioni zangu kwenye kinu cha watu. Wanafunzi wangu wangejua kwamba mimi ninayewafokea wakishika mirija bila glavu hushinda nikipiga chafya kwa vumbi la manjano, wangeacha kuniogopa, na huo woga ndio uliokuwa umenibakia.

Zuwena alizaliwa Tongoni. Baba yake, mzee Mwinyijuma, alikuwa mchoma chokaa, na chokaa ile ilimla mikono hadi ikawa na mikwaruzo kama jiwe la matumbawe. Zuwena ndiye aliyepewa kazi ya kumpaka mafuta ya nazi kila jioni, na anasema hapo ndipo alipoanza kupenda ngozi za watu. Akaolewa Tanga mjini. Mume akaenda Mombasa kutafuta kazi.

"Alivuka mpaka pale Horohoro," husema akiulizwa. "Mpaka leo anavuka."

Kazi ya kusinga alirithi kwa shangazi yake, na kwa miaka mingi hapakuwa na arusi ya maana Ngamiani wala Chumbageni iliyopita bila mkono wake. Kisha zikaja saluni. Sasa mabinti wanataka kupakwa vitu vya chupa mbele ya taa ya duara, na picha itumwe hapo hapo. Nusu ya bi harusi wake wamekwenda huko. Kwa hiyo Hafsa wa Chumbageni alipomwita amsinge binti yake Najat, tulijua sote maana yake. Bwana harusi, Tahiri, alitoka katika ukoo mkubwa wa Moa, wenye wasichana chungu nzima wanaongojea zamu zao. Najat akitoka vizuri, Zuwena amepata kazi ya kumfikisha uzeeni. Akitoka vibaya, jina limekwisha, na kwake jina likiisha hapabaki kitu cha kuokota.

Siku ya kwanza ya singo sikuwepo, nilikuwa nasahihisha mitihani. Kesho yake asubuhi Zuwena alikuja kwangu, bila kubisha hodi, kanga ya kichwani kaifunga ovyo. Sikupata hata kumaliza shikamoo.

"Marahaba. Vile vikaratasi vyako vya shule, vinavyogeuka rangi, unavyo?"

"Ninavyo. Kuna nini?"

"Nimemuunguza mtoto wa watu."

Njiani akanieleza. Singo yake huichanganya kwa marashi na maji ya ndimu, kama shangazi yake alivyofanya. Jana alipomgusa Najat mashavuni, binti alipiga ukelele hadi jirani wakadhani arusi imeanza. Alipomwosha, mashavu yalikuwa mekundu yanayoelekea weusi, na ngozi inavutika kama karatasi iliyokauka. Miaka yote anasinga kwa ndimu, na hajapata kumuumiza mtu.

Tulimkuta Najat amekaa mkekani, mtandio umefunika nusu ya uso. Ni msichana mcheshi aliyemaliza chuo mwaka jana, lakini siku ile ucheshi ulikuwa umemtoka. Mama yake, Hafsa, alisimama mlangoni kama askari.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi sitaki darasa. Nataka uso."

Ilikuwa kama kumwambia mlevi asitazame chupa. Niliagiza visosi. Nikapanga sakafuni maji ya ndimu, singo iliyobaki, sabuni ya manjano ya kienyeji aliyokuwa akiogea Najat, na kichupa kidogo cha kioo alichokitoa chini ya mto kwa aibu. Kilikuwa dawa ya kuchubua aliyoagiza Dar kwa simu. Alikuwa akijipaka kila usiku, na asubuhi akijisugua kwa sabuni, ili siku ya singo Zuwena akute kazi imeshaanza.

"Hukuniambia," Zuwena alisema.

"Nilitaka usipate tabu, bibi."

"Na sasa sijapata tabu?"

Nikaanza kuchovya karatasi. Nikaeleza, kwa sauti ile ile ninayotumia Jumatatu asubuhi, kwamba kuna kipimo kinaitwa pH. Kinaanza sifuri na kuishia kumi na nne. Maji matupu yako saba, katikati. Ukishuka chini ya saba ni uchachu, kama wa ndimu. Ukipanda juu ya saba ni umagadi, kama wa sabuni.

"Kama barabara za Ngamiani," akasema Zuwena.

"Kama nini?"

"Barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa hiyo kwa kipimo chako mimi ninakaa mwisho kabisa, kwenye umagadi wa watu."

Najat akacheka, mkono shavuni. Nilijifanya sikusikia, lakini nilitambua kwamba miaka kumi na saba nimefundisha mada ile na sijawahi kupata mfano mzuri kama huo. Ndimu ilitoka nyekundu, barabara ya pili. Kichupa cha Dar, barabara ya tatu na ushei. Sabuni ya manjano iligeuza karatasi kuwa buluu, barabara ya kumi. Kwa wiki nyingi uso wa yule binti ulikuwa ukikimbizwa usiku hadi ya tatu na asubuhi hadi ya kumi, na jana Zuwena akaukamata umechoka hivyo na kuupeleka ya pili.

Hapo ningenyamaza, ningekuwa mtu wa maana. Lakini mwalimu akishapata visosi sakafuni hanyamazi.

"Tatizo ni uchachu," nikatangaza. "Dawa ya uchachu ni magadi. Tutamrudisha saba, katikati, salama salimini."

"Magadi haya ya kupikia kisamvu?" Hafsa akauliza.

"Kikemia ni sahihi kabisa."

Yakaletwa yamekorogwa kwenye bakuli la maji. Zuwena aliyatazama, akanitazama mimi. Ana sharti moja, kwamba kitu kigeni hakimgusi bi harusi kabla hakijakaa kwenye mkono wa mtu mwingine. Akaninyooshea bakuli.

"Anza wewe."

Mkono ulikuwa unatosha. Lakini pale palikuwa na watu watatu wananitazama, na mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu ambaye kwa muda mrefu hakuna aliyeutazama uso wangu kwa sababu yoyote. Nikajipaka uso mzima. Nikakaa nao hadi ukakauka, nikieleza jinsi asidi na besi zinavyokutana zikazaa chumvi na maji.

Mchana uso ulianza kubana. Jioni uliwaka. Kesho yake nilijitazama kwenye kioo nikaona kamba aliyemenywa, mwenye macho. Ngozi ilikuwa inatoka puani kwa vipande.

Zuwena alikuja kuniona. Alisimama kando ya kitanda changu.

"Magadi tunalainishia kisamvu," akasema taratibu. "Wewe umejipikia uso."

Kisha akakaa chini akacheka hadi akajifuta machozi, na mimi nikacheka nikiwa nimeshika mashavu, maana kucheka kuliuma.

Nililazimika kwenda kazini. Nikatafuta nikabu aliyonipa binamu yangu aliporudi Umra, nikafunika kila kitu isipokuwa macho. Sikutazamia kilichotokea. Mwalimu Abdulghani, wa somo la dini, alisimama ofisini akasema, "Mashallah, mwalimu, Mwenyezi Mungu akuthibitishe," na macho yake yalikuwa na unyevu. Walimu wenzangu wa kike walinipisha mlangoni. Kidato cha tatu kilikaa kimya kipindi kizima, jambo lisilopata kutokea tangu shule ijengwe. Nilitamani kusema ukweli, lakini utasemaje, baada ya dua kama ile, kwamba ni magadi? Nikaitikia amina kwa kila mtu. Na ninakiri, chini ya kile kitambaa nilipumzika. Mtu akizoea kutotazamwa huona aibu; akijificha mwenyewe huonekana ana siri.

Siri ile ilinipa nafasi ya kufikiri. Nililowesha karatasi nikaiweka upande wa ndani wa mkono, mahali ambapo sikupaka kitu. Ikatoka rangi ya chungwa inayoelekea njano. Barabara ya tano. Nikaiweka shavuni, ikatoka kijani. Nilikaa nikiitazama. Ngozi yenye afya haikai saba hata siku moja. Ina uchachu wake mwembamba, na uchachu huo ndio unaozuia vijidudu na kufungia maji ndani. Haya nilikuwa nimeyasoma chuoni, nikayajibu kwenye mtihani, nikayaacha kwenye karatasi ya mtihani. Kwenye bika la maabara ukitia magadi penye uchachu unapata utulivu. Lakini ngozi si bika. Ina kwake, na mimi nilikuwa nataka kuihamishia mtaa nisioujua kwa sababu tu uko katikati.

Nikaenda kwa Zuwena na habari hiyo.

"Kwake ni barabara ya tano," nikamwambia. "Sabuni ikimpeleka ya kumi, ngozi yenye afya hurudi yenyewe baada ya saa chache. Ya Najat haina nguvu ya kurudi, imepigwa huku na huku. Tusimtie ndimu, tusimtie magadi, tusimtie sabuni wala kile kichupa. Maji, na mafuta ya mgando kidogo. Basi."

"Mpaka lini?"

"Wiki kadhaa."

"Anaonyeshwa Jumapili."

"Najua."

Alikuwa anapepeta singo. Ungo ukasimama.

"Unaniambia nimwonyeshe bi harusi ambaye sikumsinga uso."

"Nakuambia ngozi inavyotaka. Jina ni lako."

Alipepeta yote, akaitia kwenye kopo, akafunika, akachukua mtandio wake tukaenda Chumbageni. Alimwambia Hafsa kwamba atasinga shingo, mikono, mgongo na miguu, bila ndimu, lakini uso haugusi.

Hafsa alishika kiuno. "Uso ndio wanaoutazama! Watu wa Moa wapande basi kuja kutazama mgongo?"

"Uso umeungua, Hafsa. Nimeuunguza mimi. Siuunguzi mara mbili."

"Basi nitaita saluni waupake poda."

"Waite. Lakini wakishapaka, wataufuta kwa kitu gani? Na mwenye uso ni nani?"

Wote tukamgeukia Najat. Aliutoa mtandio. Mashavu yalikuwa na mabaka meusi, ngozi inachanika pembezoni mwa mdomo.

"Mama, hata maji yananichoma," akasema. "Sitaki poda. Niache hivi."

Hafsa alilia kidogo, kisha akaenda jikoni kufokea wapishi, na kwa Hafsa hiyo ndiyo ruhusa.

Jumapili ukumbi ulijaa. Wanawake peke yao, udi unafuka, watoto wanapita chini ya viti. Mimi nilikaa kona, nikabu usoni, nikijifanya najisikia vizuri. Zuwena alikaa miguuni pa Najat. Sijawahi kumwona amevaa kanga mpya na kuonekana amechakaa namna ile. Shangazi yake Tahiri, Bi Mwanamkasi, bibi mwembamba mwenye hina hadi viwikoni, ndiye aliyekuja kufunua mtandio. Ukoo wote wa Moa ulisimama nyuma yake.

Akafunua. Vigelegele vilianza kisha vikafia njiani, kama vya mtu aliyejikwaa. Bi Mwanamkasi aliutazama uso, akauinua mkono wa Najat akaunusa, akaupapasa kwa kidole, akautazama tena uso.

"Nani kamsinga mtoto huyu?"

"Mimi," Zuwena akasema.

"Mkono umesinga."

"Nimesinga."

"Na uso?"

"Uso nimeuacha."

"Umeuacha kwa nani?"

Kicheko kikapita ukumbini. Zuwena akaongea juu yake, sauti imekauka. "Nilimtia ndimu kwenye ngozi iliyokuwa imeshachubuka. Nikamuunguza. Ningeweza kumpaka kitu msione. Nimeona afadhali mnione mimi kuliko nimwongeze yeye maumivu."

Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Huyu kajimaliza." Sijui nilisimama saa ngapi. Nadhani nilitaka kueleza habari ya barabara ya tano. Bi Mwanamkasi alinikata kabla sijafungua mdomo.

"Na wewe mwenye nikabu, humu ndani umemwona mwanamume gani? Funua uso nimwone ninayeongea naye."

Nikafunua.

"Audhubillahi!" Bi Mwanamkasi akarudi hatua. "Na huyu kasingwa na nani?"

"Kajisinga mwenyewe," Zuwena akajibu. "Ana digrii."

Ukumbi ulipasuka. Wengine walikaa chini. Hafsa alijifunika uso kwa kanga mabega yakimtikisika, na Najat alicheka huku akishika mashavu yasichanike. Mimi nilisimama pale na pua yangu inayobanduka, nikitambua kwamba hotuba yangu imeshatolewa, na kwa ufupi kuliko ambavyo ningeweza. Aliyekuwa na shaka kama uso unaweza kuharibika zaidi kwa kuhangaikiwa alinitazama, akaacha shaka.

Bi Mwanamkasi hakucheka sana. Alikaa karibu na Najat.

"Unakuwasha, mwanangu?"

"Tangu bibi alipouacha, unapoa."

"Basi kaa hivyo hivyo. Mwanetu kaoa mtu, hakuoa sahani." Kisha akamgeukia Zuwena. "Na wewe. Umesema kweli mbele za watu, hilo nimelisikia. Lakini wasichana wangu sikuletei. Mimi nataka singo kamili, ya toka utosini. Wewe ni Zuwena Nusu."

Jina lilifika Ngamiani kabla yetu. Tuliposhuka kwenye bajaji, mwanamke anayeuza mihogo kwenye kona alikuwa ameshalijua. "Karibu, Bi Nusu!" Zuwena aliitikia salamu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Zikafuata siku za kinu kimya. Nilikwenda kila jioni na kumkuta amekaa uani, mikono mapajani. Kuku walianza kunuka kuku. Nilimletea habari za Najat, kwamba mabaka yanafifia, kwamba kichupa kakitupa, kwamba anaoshea uso maji tu na mumewe hajalalamika. Alisikiliza akasema, "Alhamdulillahi," na kweli alimaanisha, lakini haikuwa habari ya kumrudishia watu wa Moa. Mimi nilipopona nilivua nikabu. Mwalimu Abdulghani alinisalimu kwa huzuni kubwa, kama mtu aliyefiwa, nami nikashindwa tena kumweleza. Kidato cha tatu kilirudia kelele zake siku hiyo hiyo.

"Hutwangi?" nilimwuliza Zuwena jioni moja.

"Nimtwangie nani? Moa wamekwenda. Waliobaki wanaita saluni. Na mimi nikiitwa sasa, nitaitwa nusu."

Nilikuwa mtu wa mwisho mjini kustahili kumpa mtu mwingine ushauri.

Ndipo tukasikia mtu mlangoni.

"Hodi! Kwa Bi Zuwena Nusu ndiyo hapa?"

Nilimwona akikunja uso. Nikadhani atanituma nikaseme hayupo. Yule mtu akabisha tena. Alikuwa mama mmoja mnene, na nyuma yake binti mrefu aliyejifunga mtandio hadi puani, namna ambayo mimi naifahamu vizuri.

"Ndipo hapa," Zuwena akasema. "Karibuni."

"Shikamoo. Wa kwangu anaolewa mfungo mosi. Tumeambiwa ukikuta uso mbaya unausema, huufuniki."

Zuwena alinyanyuka taratibu, akawatandikia mkeka, akamkalisha binti mahali penye mwanga. Hakuligusa kopo la singo. Alimfunua mtandio kwa vidole viwili, akamtazama sana, akauliza kwa sauti ndogo kama anayemwuliza mtoto wake:

"Usiku, kabla hujalala, unajipaka nini?"

Binti akamtazama mama yake, kisha akainamisha macho, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile nilimwona Zuwena akikunja mikono ya gauni lake hadi kwenye viwiko.

"Taja vyote," akasema. "Mimi sina haraka."